Mgonjwa Wangu wa Mazoezi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ungekuwepo, marahaba yako ingekuja na utani wake.

Unakumbuka chuo kilipotuletea mfumo wa kujifunza kwa simu? Kila mwanafunzi wa famasia alitakiwa amhudumie mgonjwa wa kuigiza kwa video, ajirekodi, kisha aitume isahihishwe. Wenzangu waliigiziana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nikakuchagua wewe, kwa sababu ndiwe uliyeigiza Herode kanisani mpaka watoto wakakimbilia kwa mama zao.

Nilikuwa nakutumia maelezo ya mgonjwa kwa WhatsApp. Huko nyumbani, juu ya Tengeru, unaegemeza simu kwenye ndoo ya maziwa, unajikuna, unalalamikia bei. Siku ya mzee mwenye minyoo nilicheka mpaka ikabidi turekodi upya.

Zoezi la mwisho lilikuwa la mzee wa presha anayesahau vidonge. Wewe ukaongeza yako: miguu inavimba jioni, ukilala chali pumzi inakata, usiku unaumaliza umekaa. Nje ya video hukuwahi kuniambia unaumwa, kwa hiyo nikajua Herode amenogewa. Nikakaza sura, nikakujibu kama vitabu vinavyotaka: "Mzee, hizo ni dalili za moyo. Usinunue dawa dukani. Nenda hospitali leo leo."

Nikaongoza darasa. Mhadhiri alisifu jinsi mgonjwa wangu anavyoaminika. Nilikusomea maneno yake, ukacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Mahindi hayajavunwa, Mama akapiga simu kwamba umeanguka kwenye migomba. Moyo, walisema hospitalini.

Sasa niko kwenye duka la dawa Ngarenaro. Wateja husema binti huyu anajua kusikiliza, nami naona aibu mpaka najichukia. Mama sijamwambia. Kila akisema, "Angalau Mungu alinipa mtoto aliyesoma," nasingizia kuna mteja, nakata simu.

Jana niliifungua ile video. Kabla ya kuituma chuoni niliikata mwisho, kwa hiyo nzima ninayo mimi tu. Umevua kofia, na sauti ya kuigiza umeiacha.

"Kwa hiyo niende leo?" unaniuliza.

Nami nacheka. "Baba, zoezi limeisha!"

Ndiyo, Baba. Nenda leo. Ng'ombe, Mama atawakamua.

Pumzika, na unisamehe ukiweza.

Binti yako