Mbuzi Hawajagombana na Mtu

Nyumbani,
Nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumatano, mchana.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Kazi inakwendaje, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama tu ndilo linamsumbua kila mawingu yanapojikusanya, na siku hizi yanajikusanya kila siku. Baba yupo, mbishi vilevile ulivyomwacha.

Usinicheke mwandiko. Karatasi nimeiweka juu ya meza ya cherehani, na kila baada ya mstari nainuka kuchungulia dirishani. Asubuhi simu zetu zimelia tena zote kwa pamoja: radi, upepo mkali na mvua ya mawe, watu wakae ndani ya majengo imara. Hayo majengo waje watuonyeshe yako wapi. Unajua kwetu lipo moja tu, nyumba ya Baba Mdogo yenye dari ya zege, ile tuliyomcheka nayo tukamwuliza kama anangoja wapangaji wa ghorofani.

Maonyo ya msimu huu yamenikausha. Nguo za watu zimelala hapa bila pindo kwa sababu masikio yangu yako nje. Mara mbili tulikimbilia kwa Baba Mdogo tukaambulia manyunyu, na Baba akapata la kusema. Yeye hakwenda. Hajakanyaga kwa mdogo wake tangu alipojua kwamba ndiye aliyekupa nauli ya kuondoka bila kumwambia, na hata wewe hatukutaji mbele yake. Sikuwahi kukuandikia hilo. Nilikuwa naogopa utalia.

Ijumaa onyo likaja tena, na safari hii mbingu ilikuwa nyeusi kweli. Mama alimbembeleza Baba, mimi nikamfokea, hakusogea. Lakini mbuzi aliwafunga kamba mwenyewe akanikabidhi niwapeleke kwa Baba Mdogo. Nikamwuliza kwa nini mbuzi waende yeye abaki.

“Mbuzi hawajagombana na mtu,” akasema.

Nilimkasirikia, Dada, nikatamani nimburute.

Baba Mdogo alikuwa mlangoni. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akawatazama mbuzi, ambao walishaanza kutafuna pazia. Akauliza kaka yake yuko wapi. Nikamwambia kabaki nyumbani. Alichukua karai lake la kuchanganyia saruji, akaligeuza kichwani kama kofia, akatoka. Mawe ya kwanza yalikuwa yameanza kulia juu ya lile karai. Nami nikajivika sufuria nikamfuata, na Mama ananisema kwa hilo mpaka leo.

Tulimkuta Baba amekaa kitandani, mawe makubwa kama ndimu yakitoboa bati na kuangukia mashuka. Akamwambia Baba Mdogo arudi kwake. Baba Mdogo akajibu kwamba watarudi wote wawili au hatarudi mtu. Walikuwa bado wanabishana pale bati la juu ya kitanda lilipong'oka. Tukaingia wote uvunguni mwa meza ya chakula, wazee wawili na mimi katikati, magoti yao mbavuni mwangu.

Kelele zilikuwa kubwa hata Baba ikabidi apaze sauti.

“Huko aliko, nyumba yake ina zege?”

Baba Mdogo akasema hajui, hakuwahi kuuliza.

“Ulimpeleka mwanangu bila kuuliza analala chini ya paa gani?”

Nilidhani ni ugomvi, Dada, mpaka nilipomwona Baba anajifuta uso kwa shati.

Mahindi yameisha, yamebaki mashina tu. Lakini tangu Jumamosi Baba Mdogo yuko juu ya paa letu akipigilia mabati, na Baba yuko chini akimpa misumari na kumlaumu kwa kila anaoupinda. Wanazozana kutwa, na Mama anapika huku anaimba.

Mama anakusalimu. Mama Mdogo anakusalimu pia, ingawa bado analilia pazia lake. Fundi viatu wa njiapanda anauliza kama zile sandali alizokushonea zingali hai.

Mawingu yamefika juu ya mashine ya kusaga. Mbuzi wametangulia na Mama. Baba kasimama mlangoni, amevaa viatu, ananingoja twende wote kwa mdogo wake, na anauliza kama lile swali nimeshaliandika. Nikamwambia barua huanza na salamu. Akasema salamu zingengoja, paa haliwezi kungoja.

Basi mwandikie yeye mwenyewe, Dada. Anza na paa. Mungu akufunike vizuri, chini ya hilo lolote ulilo nalo.

Mimi mdogo wako akupendaye, ambaye sufuria yake imebonyea.