Mgomba Unaongoja Jina

Jumamosi, 21 Juni

Viganja vimechubuka. Nimepalilia mahindi mara ya pili, mistari sita, Kuka akiwa ameketi kwenye kigoda na kutoa amri. Ni babu, kama jina lenyewe linavyosema, na ndiye mwenye hizi nyumba. Mimi nina chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, hapa Shieywe. Ana ngiri. Daktari amemkataza kabisa kushika jembe mpaka apasuliwe tarehe 14 Julai, eti akijikaza utumbo unaweza kunasa na kumuua. Kwa hiyo jembe ni langu.

"Usiparue kama kuku," anasema. "Pandisha udongo kwenye mguu wa muhindi. Mvua ya jioni inaangushanga."

Nimesia sukuma kwenye kitalu. Nikachomeka kijiti chenye kipande cha boksi: Wiki ya 1, 21 Juni. Kuka alicheka mpaka akashika tumbo. Hata mboga nimezifungulia faili! Halafu akakitazama kile kijiti kwa muda.

"Hii W yako ina mkia."

Nikamwambia ni mwalimu wetu wa darasa la tatu. Alichapa wote wasioweka mkia.

Jumatatu, 23 Juni

Dirisha la vifo, kazini kwetu ofisi ya usajili. Watu thelathini na mmoja kabla ya chakula cha mchana.

Bwana Weldon, mkuu wetu, amenisifu mbele ya wenzangu. Tangu Februari sijarudishiwa fomu hata moja. Kipindi changu cha majaribio kinaisha 31 Julai, na akisema neno zuri nitaajiriwa. "Huyu anasikia kwa kichwa," alisema, "si kwa masikio tu." Maana watu wa huku hubadilisha l na r. Mtu analia mbele yako, anakwambia ndugu yake amekufa kwa ajari, ama kwa malalia. Wewe unaandika ajali, unaandika malaria. Nasahihisha bila hata kufikiri.

Nilifurahi mno. Nilinunua soda.

Alhamisi, 26 Juni

Sijui niandike vipi.

Nilitoka kazini mapema kung'oa maharagwe. Maganda yamekauka, na yakinyeshewa yanaota hapohapo. Wingu lilikuwa limesimama juu ya msitu, jeusi. Kuka na Kukhu Roda, mkewe, wakarudi kutoka hospitali. Walikuwa wameenda kuthibitisha tarehe. Kompyuta imeikataa kadi ya bima.

"Wanasema nimekufa," Kuka alisema. "Tangu Mei."

Mama Tracy, mpangaji wa chumba cha mbele, akapiga makofi. "Baba Eugene! Sasa hii chai marehemu anakunywa, ama nimwage?"

"Marehemu anakunywa. Na aongezewe sukari."

Walicheka. Kukhu hakucheka. Alisimama mlangoni, akamwangalia mumewe kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Mimi nikauliza — sijui kwa nini niliuliza — kadi ina jina gani. Sisi wote tunamwita Baba Eugene, ama Kuka. Akanipa niisome.

Philip Were.

Maharagwe yaliniponyoka, yote, kwenye tope.

Ijumaa, 27 Juni

Ni mimi.

Fomu ya tarehe 19 Mei. Mwandiko wangu. Sahihi yangu, mchirizi usiosomeka. Namkumbuka aliyeleta taarifa: Wanzala, mwanamume wa kutoka Malava, buti zake zina tope jekundu mpaka kwenye kamba. Amefiwa na kaka. Kitambulisho cha marehemu kilikuwa kimepasuka, jina na tarakimu za mwisho hazisomeki. Akasema "Philip Wele." Nikamwambia kwa upole, Were, sivyo? Akasema tena, "Wele." Nikatabasamu. Nilitabasamu! Akasema, "Andika tu, dada. Maiti inaningoja."

Nikatafuta Philip Were kwenye kompyuta. Akatokea mmoja, wa umri uleule. Nikabonyeza.

Watu huchezea l na r kwenye ajali na malaria. Hakuna anayechezea jina la babake.

Kwa hiyo wako wawili. Mmoja amelala Malava bila karatasi. Mwingine ana karatasi na bado hajalala.

Jumatatu, 30 Juni

Kurekebisha kunataka barua ya karani aliyekosea, aitie sahihi, mkuu aipeleke. Hospitali wanapewa nakala siku hiyohiyo. Aya mbili tu. Nimeiandika mara nne.

Saa nne nikaenda mezani kwa Bwana Weldon. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama najua kwa nini kiti changu kilikuwa wazi. "Yule wa kabla yako alimuua mtu aliye hai. Kwa herufi!" Ofisi nzima ikacheka. Alipelekwa mpaka kwa polisi kuandikisha taarifa.

Nikaomba stepla.

Barua iko ndani ya daftari hili. Haina sahihi.

Jumamosi, 5 Julai

Leo ilikuwa zamu ya migomba. Kila shina linaachiwa watatu: mama, binti, mjukuu. Wengine wote wanakatwa, majani makavu yanashushwa na kutandazwa chini kushika unyevu. Kuka alikuwa ananionyesha kwa fimbo. Sauti yake imepungua. Siku tatu hizi anakula uji tu.

"Mkate huyo. Si huyo! Huyo ni binti."

Katikati ya kukata nikasikia mtu wa tatu nyuma ya migomba. Hatua nzito, kama za buti kwenye majani makavu. Nikageuka. Kuku. Nadhani alikuwa kuku.

Tangu juzi nasikia hivyo popote palipo na majani. Mvua ikigonga mahindi nasikia kurasa zinafunguliwa, na mtu anasema kwa subira, mara ya pili: Wele. Sauti haina hasira. Ingekuwa na hasira ningejua la kufanya.

Kuka akasema hospitali watampa mtu mwingine nafasi yake kama karatasi hazitafika kabla ya Jumatatu ya tarehe 14. Akaongea kana kwamba anaongea na mgomba. Babake alimwambia kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Mwili ukikosekana mnazika mgomba, mnaulilia, mnaurushia udongo. Ndipo kaburi linanyamaza.

"Sasa mimi wamenichimbia huko kwenye karatasi. Liko wazi. Linaningojanga."

Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani.

"Wewe umesoma," alisema.

Jumanne, 8 Julai

Kuka alikuja ofisini. Nilimwona kwenye foleni, kofia mkononi. Nikaingia stoo nikasimama kati ya makabati, nikapumua kwa mdomo.

Elvis wa dirisha la kwanza alimhudumia. Nilisikia yote. Siku tisini, mzee, isipokuwa karani mwenyewe akubali kosa. Akampa nakala ya fomu. Kuka akauliza kwa adabu sana kama huyo karani ni mtu mzuri.

"Makarani wote ni wazuri, mzee," Elvis alisema.

"Basi ni sawa."

Alhamisi, 10 Julai

Miche imetoa majani manne. Nimeipunguza peke yangu. Kuka hakutoka nje.

Mama Tracy ananong'ona: watu wa kanisani wamepiga simu kutoa pole. Kukhu aliipokea. Hakuwaambia yu hai. Alisema asante.

Jumamosi, 12 Julai

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa nimesimama.

Nilitoka na jembe nikahamishe sukuma. Katikati ya matuta kuna shimo, refu, limenyooka pembe zote. Kuka yuko ukingoni, amekaa chini, jasho linamtiririka, jembe la pili liko mapajani.

"Kuka! Daktari alisema—"

"Daktari ni wa walio hai."

Mgomba mmoja umekatwa, umemenywa mpaka mweupe. Umelazwa juu ya gunia. Kukhu Roda ameuvisha shati la kiwandani, lile la bluu, la miaka Kuka alipochochea moto wa boila. Anafunga vifungo, kimoja kimoja. Mama Tracy amesimama kando na leso mdomoni. Leo hana utani.

Na pale kwenye udongo uliochimbuliwa, ile nakala ya fomu. Imezuiwa na kijiti isipeperuke. Kijiti changu, kimeng'olewa kitaluni. Wiki ya 1. W na W, zimelala pamoja, kila moja na mkia wake.

Kuka aliona nimeona. Hakupandisha sauti.

"Mukhana, msichana wangu, wewe una mwandiko. Utuandikie jina la huyu anayelala. Usiandike langu, mimi niko hapa. Yeye ana lake." Akashika tumbo, akangoja maumivu yapite. "Leta karamu."

Nikasema naleta. Nikakimbia huku ndani.

Nimeipata, ile nene, ya wino usiofutika. Nilipolifungua daftari barua ilianguka sakafuni. Aya mbili. Mahali pa sahihi ni peupe. Bwana Weldon anaishi Amalemba, Jumamosi huwa yuko nyumbani. Ni dakika ishirini kwa boda. Kesho kutwa ndiyo Jumatatu.

Kukhu ameanza kulia nje, ule wimbo wa kumsindikiza mtu. Mgomba hauna jina bado, na yeye analia kwa jina la mumewe.

"Mitchel!" Ni Kuka, sauti nyembamba. "Karamu imepotea?"

Karamu. Simsahihishi.

Naijaribu hapa kwanza, kabla ya mgomba na barua, kama inaandika:

Wele.

Inaandika.