Ubao Mkubwa wa Tata Kalenga

Nadège, mjukuu wangu,

Uko muzima huko Johannesburg? Hapa Kolwezi tuko salama. Mama yako amerudi kwenye kwaya, na sauti yake inasikika mpaka barabarani.

Umeniuliza kama mnakosea. Kampuni yenu inatangaza mashine ya gemu kwa watu wanaocheza mara mojamoja, wachezaji wa zamani wamekasirika, nanyi watengenezaji mnaagizwa kurahisisha kila kitu.

Nilipokuwa kijana Lubudi, tulicheza kisolo, mchezo wa kete na mashimo unaotaka hesabu za kichwa. Tata Kalenga, mzee mchongaji wa karibu na stesheni, alituchongea mbao. Kisha akaanza kuchonga mbao ndogo, za mashimo machache, akiwaita abiria wa treni wajaribu. Zikapendwa sana. Sisi mabingwa tukanuna, tukaacha kwenda kwake.

Siku moja akanifuata nyumbani.

“Mi niko nachonga tu ya kidogo,” aliniambia. “Batu banapenda, na mi nafurahi. Lakini kama nyinyi mulienda, ile ya mukubwa nitachongea nani?”

Niliona haya. Kesho yake nilirudi, nikacheza ubao mdogo na Mama Odia, muuza maharagwe. Akanifunga mara mbili! Akacheka, kisha akatazama ukutani, ulipotundikwa ubao mkubwa.

“Na ile ya mukubwa, banaichezaka namna gani?”

Tata Kalenga aliushusha mwenyewe, akaupangusa vumbi kwa shati lake jipya.

Nakukumbatia, mwanangu.

Nkambo wako, Ilunga