Meno Meusi ya Profesa

Jumatatu, 3 Machi
Nimebeba abiria wa boda asubuhi, nikarudi Langas kunywa chai. Chai ya nyumbani, maana kibanda cha Mama cha chakula hakiko. Prof amekuwa VC, mkuu wa chuo kikuu, juzi tu, tinga ikaja geti la chuo ikalaza vibanda vyote. Ati mpangilio. Na alipokuwa lekchara wa uchumi alikula maharagwe ya Mama hapo hapo! Nitamlipiza. Niliachia Form Two, lakini kichwa yangu ni ya PhD.

Jumatano, 5 Machi
Mungu si Athumani. Kogo, nyanya mwenye ploti yetu, ndiye huandaa mursik, maziwa lala ya kupokea mashujaa. Wakimbiaji wakishuka airport, wanaanzia kibuyu chake. Jumamosi Prof anafanyiwa sherehe kwao.
"Wewe wa boda, utanibeba na kibuyu. Na usikimbize kama umeiba."
Sawa, Kogo.

Ijumaa, 7 Machi
Watengeneza mursik hupaka makaa ya mti ndani ya kibuyu, kidogo, maziwa yanukie. Kogo ameenda maombi. Nikasaga makaa mpaka vidole vikawa vya fundi wa magari. Nikamwaga yote ndani, nikatikisa. Sumu hapana. Aibu tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mimi ni mbaya! MC alisoma maisha ya Prof yote: kuchunga ndama, kijiji kuchanga aende ng'ambo, uchumi, vitabu, leo VC. Kubomoa hakusoma. Kogo akampa kibuyu. Prof akapiga funda refu, akageukia kamera, akatabasamu. Meno lami tupu! Kijana mmoja akapaza, "VC amekula tairi!" Watu wakashika mbavu. Prof akajipangusa na tai, ikawa mbaya zaidi. Tamu sana.
Picha imeenea Munyaka hadi Timboroa. Nimemwonyesha Mama. Hakucheka.
"Kibanda kimerudi?"
Ameniharibia siku.

Jumatatu, 10 Machi
Wamama wa kamati ya mapokezi wamekuja kwa Kogo. Nilikuwa hapo nje naosha pikipiki.
"Kogo, umetuaibisha mbele ya wageni. Macho yako yamechoka. Kazi ya mursik tutapatia mwingine."
Kogo alishika kibuyu tu, akakigeuza, akakinusa.
Prof yuko ofisini, meno ameshaosha. Namchukia mara mbili. Nimepiga pikipiki teke, kidole imefura.

Ijumaa, 14 Machi
Wakimbiaji wametua na medali. Kogo amevaa leso mpya tangu asubuhi, akakaa mlangoni.
"Nikupeleke airport?"
"Nikafanye nini huko?"
Mimi, mdomo wa stage nzima, nilizima pikipiki nikakaa chini kando yake. Honi za msafara zikapita huko barabarani, zikielekea mjini. Kogo alisikiliza mpaka ya mwisho. Halafu akaingia ndani kubadilisha nguo.