Rangi Nyeusi, Kabla ya Kumpeleka Mutua Kwao

Jumatatu, 4 Agosti

Msasa tangu saa mbili asubuhi. Bampa ya nyuma imekwisha, ngazi ya kupandia paa la gari nusu. Vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, wali wa mchana nimeula kwa kijiko kama mgonjwa. Vyuma vyote vilivyokuwa vyeusi vimekuwa kijivu kwa jua, na chini ya kijivu ni kutu. Keria ya mizigo, kule juu, ndiyo mbaya kabisa.

Gari hili si la kazi. Lina vitanda viwili, jiko la gesi na mapazia aliyoyashona mke wangu, Mwanaisha. Mimi na Mutua tulilinunua tulipokuwa tukifanya kazi bandarini, likiwa gari la kubebea mikate. Madirisha tuliyakata wenyewe. Tumelala ndani yake Voi, Taveta, Malindi, kila likizo. Jumamosi ya wiki ijayo litamchukua Mutua na mkewe na vyombo vyao, kuwarudisha Ukambani. Amestaafu. Anakwenda kabisa.

Nimesema haliondoki na kutu. Watu wa kwao wasije wakasema Waswahili hawajui kutunza kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Mutua amekuja kutoka kwake Ganjoni na dumu lake la maji, makopo ya rangi ya kupulizia, na yale maelezo yake. Osha vumbi la msasa. Kausha. Rangi ya msingi. Ngoja. Nyeusi. Ngoja tena. Kila mwaka maelezo yale yale, kama kwamba kila mwaka amepata mtu mpya.

Yeye ameosha bampa zote mbili na vishikio vya vioo, dumu likaisha. Mfereji wa nyumbani mkavu tangu Jumapili, lakini maji hayakosekani. Gari haliingii vichochoro vya mtaa wetu, Kuze, liko kule uwanjani mwisho wa barabara, kwa hiyo nimebeba ndoo mbili kwa mguu. Nikaosha ngazi na keria mwenyewe. Mgongo unaniuma. Rangi ya msingi amepuliza yeye, haniachii kopo.

Kutwa anazungumza shamba. Mbuzi wanne. Tangi la maji ya mvua. Hakuniuliza hata mara moja mimi nitafanya nini hapa. Ameniudhi.

Jumatano, 6 Agosti

Nyeusi imepigwa. Inang'aa, siwezi kusema uongo. Lakini Mutua ametazama saa mara tatu. Nilikuwa nikimwangalia. Ndunge, mkewe, anafunga vyombo, kwa hiyo lazima arudi mapema. Haya. Nenda.

Jumanne, 12 Agosti

Rangi imevimba.

Mvua ya siku tatu, leo jua, nimekwenda kulitazama gari. Ngazi nzima ina malengelenge. Keria vivyo hivyo. Nimegusa kwa ukucha, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, na ndani kutu mpya, nyekundu, mbichi. Nimetukana peke yangu uwanjani mpaka muuza kahawa akanigeukia.

Nimempigia simu. Akauliza jambo moja tu: imevimba wapi? Nikamwambia ngazi na keria. Akasema haya, akakata simu. Haraka ya mwenye makosa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Ganjoni. Ghorofa ya tatu, nimefika juu sina pumzi, hasira zimezidi. Mlango uko wazi, maboksi kila mahali, Ndunge ameshika chupa ya chai.

Sikuketi. Nimemwambia Mutua amepaka rangi mbio mbio kwa sababu akili yake imeshahama. Mwili umebaki Mombasa, basi. Nimemwambia mtu anayeondoka hata kazi ya mwisho haimshughulishi. Nimemwambia hana haya. Ndunge akasema, "Shemeji, kunywa chai kwanza." Sikunywa. Nikamwambia Mutua: gari hili hulipandi. Tafuta basi.

"Sawa, Bwana Athmani," akasema.

Nimeshuka ngazi za watu, jirani wote wako milangoni. Sijuti. Naandika hapa ili ijulikane kuwa sijuti.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimebandua rangi peke yangu tangu asubuhi. Bampa hazina lengelenge hata moja. Vishikio vya vioo, safi. Nikasema basi, kazi yake ameifanya vizuri, yangu ameipuliza ovyo. Nikazidi kuwaka.

Mwanaisha akaniletea chai pale uwanjani. Akaizunguka ngazi, akaipitishia kidole.

"Hii si weye uliyeiosha? Na siku ile mfereji ulikuwa hautoki. Maji uliteka wapi?"

Kisimani. Ndani ya ua wetu. Maji yaliyojaa chumvi, ambayo hatunywi, hatupikii, yanayoila birika kwa miezi sita. Nimezaliwa nyumba hii. Nimeyapaka mwenyewe kwenye chuma kitupu, kwa kitambaa, taratibu, kila pembe, na yeye akapuliza rangi juu yake.

Mpumbavu ni mimi. Mpumbavu mwenye sauti kubwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya swala nimepanda tena ghorofa zile. Nimesema mbele ya Ndunge, kwa kuwa mbele yake ndipo nilipotukana. Nimesema maji yalikuwa ya kisima, kosa ni langu, na naomba radhi. Sijui kuomba radhi, sina mazoezi.

Mutua alikuwa amejua tangu kwenye simu. Alipouliza imevimba wapi, alishapata jawabu.

Nikamuuliza, mbona ukaniacha nikutukane nyumbani kwako?

"Nilijua si rangi inayokuuma," akasema.

Nimekasirika upya, kwa sababu ni kweli. Kisha nimekaa juu ya boksi na kulia, mtu mzima, Ndunge akaingia jikoni asinione. Tikiti za basi walikuwa wamekwisha kukata. Mutua amezichana.

Muda wa kupaka tena haupo. Ngazi na keria zitakwenda hivyo hivyo.

Jumapili, 17 Agosti

Niko kwa Mutua. Tulifika jana jioni. Baridi hapa. Watu wa kwao wamekuja kusalimia, wamelisifu gari, hakuna aliyetazama keria.

Kesho narudi peke yangu. Leo baada ya chakula Mutua amenitoa nje akaanza kunieleza njia: pa kutia mafuta, wapi malori hupita bila taa, pa kupumzika kabla ya Voi, Mariakani nipite mapema kabla ya foleni. Barabara hiyo hiyo niliyoipita jana nikiendesha mwenyewe, yeye akisinzia kando yangu.

Sikumkatiza. Alipomaliza nikamwambia sikushika vizuri, anieleze tena tangu mwanzo.