Mwanafunzi Wangu wa Muhumba

Jumatano, 6 Machi 1974

Répétition, somo la nyumbani, kwa Maman Nabintu. Kujumlisha tumemaliza, sasa tuko kwenye kutoa, na kutoa kunamsumbua. Anaficha vidole chini ya meza akidhani sioni. Nilimwambia namwona. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Mwanamke mwenye nyumba Muhumba, mtaa wa wakubwa, bustani mpaka ziwani, watumishi wawili, na mimi namsimamia kama mtoto wa darasa la pili. Napenda. Hapa hakuna wa kumdanganya: napenda sana kuwa mkubwa wa mtu mkubwa, mara mbili kwa juma.

Bourse, pesa yetu ya chuo, haijatoka tangu Krismasi. Bila mama huyu ningekuwa sina hata daftari. Nilirudi nyumbani Kadutu na mvua yote mgongoni.


Jumamosi, 9 Machi

Baba aliuliza watoto wangu wa Muhumba wanaendeleaje. Nikasema vizuri. Hakuna watoto. Ninayemfundisha ni Maman Nabintu mwenyewe, mke wa citoyen Balagizi, na huyo Balagizi ndiye aliyepewa duka ambalo baba anasimamia.

Mgiriki aliyekuwa na duka aliondoka baada ya tangazo la serikali, kwamba maduka ya wageni wapewe wananchi. Balagizi akaja na barua na funguo. Baba akabaki kwenye kiti chake kilekile, maana Balagizi anajua kuvaa suti ya abacost na kusalimia wakubwa, lakini bei ya sabuni inatoka wapi hajui. Baba yuko pale tangu nilipokuwa naanza kutembea. Tunakula kwa duka lile, wadogo zangu wanasoma kwa duka lile.

Maman aliniomba tangu mwanzo nisimwambie mtu, na hasa baba. Anaona haya. Wageni wa bwana wake wanaongea Kifaransa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Nilimhurumia, na bado namhurumia. Haya ni yake, si kazi yangu kuitangaza.


Jumatano, 13 Machi

Baada ya somo Maman alinisuka. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyenishika kichwa. Nilikaza macho nisije nikalia kama mjinga.

Tulikula bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Ananiita mwana wangu. Nimezoea upesi mno.


Jumamosi, 23 Machi

Maman amechoka na hesabu za machungwa ya kitabuni. Anataka hesabu za kweli. Akauliza: kitu kikinunuliwa Bujumbura, kikafika hapa, bei ya kukiuzia inapatikana vipi?

Sikujua. Mwaka wa pili hesabu, nasifiwa na maprofesa, na sikujua. Nikasema tutaiona juma lijalo, kwa sauti ileile wanayotumia maprofesa wakibanwa.


Jumapili, 24 Machi

Nilimuuliza baba mezani.

Aliweka kijiko chini. Akaniangalia kana kwamba nimeingia sasa hivi kutoka safari. Kisha akaanza kupanga maharagwe pembeni ya sahani yangu. Hili hapa ni bei ya kiwandani. Hili ni lori. Hili ni forodha. Hili ni askari wa kizuizi cha Luvungi, ambao hawamo katika sheria lakini lazima wawemo katika bei. Hili ni vinavyovunjika katika kupanda mlima wa Ngomo. Ukisubiri vivunjike ndipo uvihesabu, umekwisha kufilisika. Hili ni kodi. Faida inakuja nyuma ya wote.

Aliongea mpaka chakula kikapoa. Wadogo zangu walienda kulala, yeye akaendelea. Tangu msiba wa mama sijamsikia akiongea hivi. Mwisho akasema: "Nilizani batoto yangu yote watasoma vitabu tu, hakuna mwenye ataniuliza kazi yangu."

Nimefurahi. Nimemfurahisha mzee wangu kwa swali moja tu.


Jumatano, 27 Machi

Nilimfundisha Maman ile ya baba, harage kwa harage. Aliishika mara moja. Mtu aliyehangaika na kutoa saba katika kumi na tatu! Akairudia yote kwa mpangilio bila kukosea, Luvungi ndani, Ngomo ndani.

Nilijiona mwalimu hodari.


Jumatano, 17 Aprili

Sasa ni desturi. Jumapili namuuliza baba, Jumatano nampelekea Maman. Jinsi ya kusoma facture, hati ya bei ya Kifaransa. Jinsi ya kujua kwamba muuzaji wa jumla amekuibia kwenye dazeni. Vitenge gani viagizwe kabla ya sikukuu, na vipi vitalala kwenye rafu mpaka panya wavizoee.

Baba ameanza kuniita collègue, mwenzake wa kazi. Akirudi kazini ananitafuta kwanza mimi, kofia bado kichwani, anipe habari za siku. Mdogo wangu Furaha ananicheka, anasema nimekuwa Mgiriki.

Maman amenipa kitenge kipya kabisa. Nilimwambia baba ni zawadi ya mama wa watoto. Si uongo mkubwa. Alikigusa akasema ni cha bei, kisha akataja bei.


Jumamosi, 4 Mei

Juu ya meza ya Maman kulikuwa na facture ya duka, mpya. Alisema bwana wake huwa anazileta nyumbani, ni za mazoezi. Akanisomea yote. Kidole hakifuati tena mistari. Kifaransa chake kina makosa, hesabu haina.

Kisha akaniuliza wateja gani wanakopeshwa na nani anachelewa kulipa. Hiyo si hesabu. Lakini nilikuwa najua, baba aliniambia, na nikajibu. Nilijibu haraka kama mwanafunzi anayetaka pointi.

Njiani niliyahesabu tena majina niliyomtajia. Nilijiambia ni mazoezi tu.


Jumanne, 14 Mei

Baba amefukuzwa.

Alirudi kabla ya mchana, na mfuko wa karatasi: kikombe chake, koti la kazini, picha ya mama. Nilikuwa nachagua maharagwe. Akakaa bila kuvua kofia.

Alimkuta Maman Nabintu kwenye kiti chake. Balagizi akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba kuanzia leo citoyenne mke wake anasimamia duka mwenyewe, na kwamba mwanamke wa Zaïre lazima ajenge nchi. Wakapiga makofi, wangefanya nini. Baba aliuliza kwa heshima nani atapanga bei. Maman mwenyewe ndiye aliyemjibu. Kiwanda, lori, forodha, Luvungi, Ngomo, kodi, faida. Kwa mpangilio.

Baba alinisimulia mara mbili. Kufukuzwa kumemwuma, lakini kilichomwuma zaidi ni kuyasikia maneno yake yakitoka kwa mtu mwingine. Akasema: "Iko mutu aliniuza. Mutu wa karibu."

Niliendelea kuchagua maharagwe. Nilitupa mazuri nikabakiza mabovu, ikabidi nianze upya.


Jumatano, 15 Mei

Siku ya somo. Nilikwenda.

Nilidhani Maman atajificha, au atalia. Alikuwa amevaa vizuri, ametoka dukani, anavua viatu. Akaita chai iletwe. Nilimwambia amenitumia. Nilimwambia baba yangu ana watoto watatu na hana mke. Nilimwambia alinisuka nywele.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mimi sikukudanganya, mwana wangu. Ulizani mwanamuke wa miaka yangu anajifunza bei ya sabuni juu ya kucheza?"

Nikasema aliniambia anaona haya. Akasema haya aliona kweli. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba bwana wake ana mwanamke mwingine kule mtaa wa Nguba, kijana wa umri wangu, mwenye diplôme. "Ile kiti, kama sikukikala mimi, angekikala yeye. Na mimi ningeenda wapi?"

Nikamuuliza, na baba yangu aende wapi? Akasema baba yangu anajua kusoma.

Akamimina chai. Akanikumbusha kwamba bado hatujamaliza pourcentage, hesabu za asilimia, na kwamba sasa ataniongezea malipo.

Nilikunywa ile chai. Sijui kwa nini niliinywa. Namchukia, na nilipokuwa nimekaa pale bado sehemu yangu moja ilitaka aniite mwana wangu tena. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Kitenge chake nilikiacha kwenye kiti.


Jumapili, 19 Mei

Baba amempata msaliti wake. Si mimi. Ni Mugisho, muuzaji wa duka, rafiki yake wa miaka yote, aliyebeba jeneza la mama.

Mugisho alipanda kutoka Cimpunda baada ya misa na ndizi kichwani, kuja kutupa pole. Baba alisimama mlangoni asimpishe. Akamwambia yeye peke yake ndiye aliyekuwa anamsikia akipanga bei, na yeye bado ana kazi. Mugisho hakuelewa. Akaziweka ndizi chini ukutani akaondoka.

Nilikuwa ndani, hatua chache tu. Sikutoka. Maman alinifanyia ubaya, sawa, na nililia wiki nzima jinsi nilivyofanyiwa. Leo sikuweza kulia.

Ndizi baba amewapa majirani.


Jumanne, 21 Mei

Nilitaka kusema asubuhi. Sikusema. Nilitaka kusema jioni. Alikuwa anapiga pasi shati lake la kutafutia kazi.


Alhamisi, 23 Mei

Kisimani wanawake hawampishi tena mke wa Mugisho kwenye foleni. Wanamwita bibi ya muuza-watu. Nilimwona akiondoka na ndoo tupu. Kadutu ikishika neno haiachii.

Nilirudi nikamwambia baba. Nilisimama, nikasema yote, kuanzia hakuna watoto Muhumba. Nilisema sikujua. Nilisema nilidhani namfundisha mtu mwenye haya. Niliposema hivyo nilisikia jinsi inavyochekesha, msomi mimi, kuchezewa na mwanamke aliyekuwa anahesabu kwa vidole.

Nilitaka anipige. Hajawahi kutupiga, lakini nilitaka.

Aliuliza kitu kimoja: "Kila siku ya Mungu, kila Jumapili, pale kwa meza, ulikuwa unaniuliza juu ya kumupelekea yeye?"

Ningeweza kueleza. Kwamba mara ya kwanza tu ilikuwa kwa ajili ya Maman, kwamba baadaye nilikuwa nauliza pia kwa ajili yangu, kwa kuwa nilipenda kumsikia. Ni kweli. Lakini nilijua haitasaidia. Nikasema ndiyo.

Akachukua kofia. Akashuka Cimpunda kwa Mugisho. Alirudi giza limeingia, akalala bila kula.


Jumapili, 2 Juni

Mugisho alikuja kula kwetu. Waliongea wawili, kidogo, kama watu wanaojaribu mguu uliovunjika. Mugisho alinisalimia vizuri kuliko ninavyostahili. Alisema duka linakwenda, bei hazina makosa, wateja wabaya wote wamekatiwa mkopo. Alisema kwa kumheshimu baba, kama kusema kazi yako bado iko pale. Nilitoka nje nikakaa jikoni.

Baba hanigombezi. Habari ya asubuhi, usiku mwema, lete maji. Yote kwa adabu.


Jumatatu, 10 Juni

Baba amepata kazi kwenye shamba la chai upande wa Miti, nje ya mji. Karani wa mzani. Atalala huko, atarudi siku za mwisho wa juma. Ni kazi ya kijana. Amekubali.

Nimeanza kufundisha watoto wa jirani, watoto wa kweli. Wanalipa kwa unga na makaa. Mmoja hajui kutoa. Nilipomwona anaficha vidole chini ya meza nilimfokea, akaogopa, nikamwomba radhi.

Leo gari la Balagizi lilinipita karibu na kathedrali. Maman alikuwa nyuma. Alinipungia mkono, kabisa, na tabasamu. Niliangalia pembeni.


Jumamosi, 29 Juni

Baba amerudi kutoka Miti, mara ya tatu. Amekonda kidogo. Ameleta viazi na kabichi.

Tulikula wote wanne. Mvua ilikuwa imekatika, mlango ulikuwa wazi. Nilimuuliza kazi ya kule ikoje. Wanapima vipi majani yaliyolowana, maji wanayatoa kwenye uzito au wanamwonea mchumaji? Nilitaka kujua kweli. Hakuna mtu yeyote ninayempelekea.

Alitafuna, akameza. Akasema: "Ni kazi tu."

Kisha akamgeukia Furaha, akamuuliza juu ya bulletin yake ya shule na pointi za jiografia. Furaha akaanza kusimulia, na baba akasogeza kiti amsikie vizuri. Mimi nikakusanya sahani.