Kitambaa cha Gauni la Mama

Mama, shikamoo. Na mugonile ya kwetu, maana najua shikamoo peke yake haikutoshi. Goti linaendeleaje? Mimi huku Arusha nipo, nakula, nalala, baridi tumezoeana. Ila nina hasira, nakwambia mapema, na mdogo wangu Lusajo anayekusomea asiruke hata mstari kwa kukuonea huruma. Kwenye simu nikianza kulalamika unacheka, ukimaliza kucheka unaniuliza nimekula nini, basi yameishia hapo. Barua huwezi kuikatiza.

Ni kile kitambaa, mama.

Nilizunguka maduka ya vitambaa kutwa nzima nikikitafuta. Pamba tupu, bluu iliyoiva, maua meupe madogo madogo, si vile vinavyochuja ukifua mara mbili. Nikamwambia muuzaji ni cha gauni la mama yangu, la kuvaa siku wakwe zangu watakapokuja Ikombe kujitambulisha. Kondakta wa basi akakifikisha Kyela mjini, Lusajo akakifuata. Juzi namuuliza mdogo wangu Atupele kama umeshakipeleka kwa fundi. Akaanza kuniuliza habari za baridi. Nikarudia. Ndipo akasema, "Dada, kile kitambaa mama ameshakifanyia kazi."

Kazi! Kipande kimefunika udongo usikauke. Kipande umekizungusha kata ya kujitwikia vyungu mpaka mtumbwini siku za gulio la Matema. Kipande kingine unakilowesha kulainishia midomo ya vyungu, tena eti unakisifu kwa wafinyanzi wenzako: "Hiki cha mwanangu kinashika maji kuliko vyote!" Shangazi Tumpe naye akaondoka na chake cha kujifunga kichwani kanisani. Kilichobaki kimetandikwa mezani kuwasubiri wageni. Jamani, mama! Meza ivae, wewe usivae?

Jibu lako nalijua. "Kitambaa ni kitambaa, Sekela." Ndivyo tulivyokua. Kile kile cha kuipulia sufuria motoni ndicho cha kufunikia ndizi, ndicho cha kuchujia togwa, na Lusajo akilia kilimfuta kamasi. Mtu akisema nipe kitambaa, hakuna aliyeuliza kipi.

Huku wanauliza. Hapa hotelini ninapofanya usafi kuna kitambaa cha glasi, cha meza, cha vioo, cha sakafu, na ole wako uchanganye. Wiki iliyopita lifti iliharibika, nikaambiwa nipandishe ndoo ya maji juu. Mikono ilikuwa imechoka. Nikachukua kitambaa cha meza, nikakizungusha kata, nikajitwika ndoo yangu, nikapanda ngazi mikono mitupu kama natoka ziwani. Wageni wakapiga makofi. Msimamizi wetu hakupiga. Alinisimamisha mbele ya wenzangu: "Hiki ni cha kulia chakula, si cha kichwa chako!" Na mdomo wangu huu nikamjibu, "Kitambaa ni kitambaa, si kitafuliwa?" Sasa nimehamishiwa chumba cha kufulia, kutwa nzima nakunja vitambaa vya watu. Wewe cheka tu.

Hasira ya kitambaa ingepita, mama. Kinachoniuma ni alichoniambia Atupele mwishoni, kwa sauti ya chini. Kwamba siku hiyo utakaa jikoni, kwa sababu huna nguo ya kukaa na wakwe. Kwamba Shangazi ndiye atakayekaa sebuleni badala yako, maana ana magauni na Kiswahili chake kimenyooka. Nimelia, nisikufiche. Baba amelala kaburini pale migombani. Na wewe ukijificha, nitamwonyesha mchumba wangu Elibariki nani, nimwambie huyu ndiye aliyenilea kwa vyungu? Yeye mwenyewe hajawahi kuniuliza habari za Shangazi. Kila siku ananiuliza habari zako.

Kwa hiyo sikiliza. Kitambaa kingine situmi, utakikata. Gauni la dukani nalo situmi, utampa Atupele. Vaa ulichonacho, hata lile la Krismasi lenye kiraka kwapani, na kile kiti chenye mgongo kiwe chako. Shangazi akae pembeni, akusaidie Kiswahili ukikwama. Kikikwama zaidi, sema Kikisi chako, mimi nitatafsiri.

Nisalimie Shangazi mwenyewe. Nimemnunia, lakini nimeona picha, kitambaa kimempendeza. Nisalimie yule mzee jirani anayekuletea dagaa wetu wa usipa, mwambie ndaga fijo, asante sana. Atupele mwambie asiogope, hakusengenya, alinisaidia. Na Lusajo, wewe unayesoma, ukifika hapa rudia kile kipande cha kiti.

Maana ukikaa jikoni, mama, nitawaleta wote huko. Watabeba viti vyao wenyewe. Baba mkwe ataeleza shida yake katikati ya moshi, mama mkwe atashika kile kitambaa chako aipue sufuria, na Shangazi atabaki sebuleni peke yake na meza yake iliyovaa. Hunijui? Unanijua.

Ni mimi mwanao, si wa Shangazi,
Sekela